Koti la Injini

Mama Cherehani alikwisha kupima maharusi, mapolisi, timu nzima ya mpira na hata marehemu mmoja aliyezikwa na suti mpya, lakini injini hakuwahi kuipima. Asubuhi hiyo alichuchumaa nyuma ya gari, tepu ikining'inia shingoni, akalitazama lile dude lililojaa mabomba na nyaya. Mumewe alikuwa amelala chali chini ya gari, na kilichoonekana kwake kilikuwa miguu tu.

"Anzia hapa kwenye alternata," miguu ikasema. "Chukua mzunguko wake."

"Mwambie ashushe mabega, asijikaze."

"Mama watoto, mimi sifanyi mzaha."

Alijua kwamba hafanyi mzaha, na hapo ndipo penye tabu. Akapitisha tepu kwenye alternata, ile mashine ya kuchaji betri, akapima urefu wa mahali panapokaa mkanda wa feni, akapima na upana wa tumbo zima la injini kutoka gurudumu hadi gurudumu. Vipimo aliviandika kwa chaki kwenye ubao wake, pale pale chini ya vipimo vya mteja aliyetaka gauni la kipaimara la binti yake.

Gari lenyewe lilikuwa la aina ile ya kulala. Ndani lilikuwa na kitanda cha kukunja, sinki dogo, jiko la gesi la mafiga mawili, vipazia, na paa linaloinuka ili mtu asimame wima kama yuko sebuleni. Lilikuwa na umri mkubwa kuliko binti yao. Injini yake ilikaa nyuma, tena ilikuwa ya kupoozwa kwa upepo, haikujua maji. Bamba la kuikinga kwa chini lilidondoka zamani, enzi za wenyewe wa kwanza, kwa hiyo mtu yeyote aliyeinama nyuma ya gari aliona kila kitu: mkanda, nyaya za plagi, mirija ya mafuta, vyote viko uchi, vikisubiri tope la barabarani.

Mumewe hakuwa mtu wa kuvumilia kitu kukaa uchi. Kazini walimwita Turubai, na jina hilo lilimfuata hadi alipostaafu. Kwa zaidi ya miaka thelathini alitunza bohari la idara ya maji, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hakuna kilichoharibika mikononi mwake. Ni kweli hakikuharibika, kwa sababu hakikutoka. Mafundi walikwenda kuomba bomba la futi sita, naye akawatazama kama wamemwomba figo. Nyumbani viti vilikaa ndani ya nailoni zake za dukani, na juu ya nailoni kulikuwa na vitambaa ili nailoni isichunike. Rimoti ilivalishwa mfuko na kufungwa mpira. Mgeni aliyekaa sana siku ya joto aliinuka kwa mlio, akaaga haraka, akaondoka akijishika nyuma.

Tumpe haki yake lakini. Kwa lile gari alianza vizuri. Alifunga mipira nyuma ya magurudumu ili tope lisirukie juu, akabadilisha nyaya zilizochakaa, akapaka grisi panapostahili grisi, na kila Jumamosi aliubonyeza mkanda kwa kidole gumba kuona kama umelegea. Fundi yeyote angempa mkono. Angeishia hapo, mkewe asingepanda lori la magodoro.

*

Binti yao alipiga simu siku moja kabla ya vile vipimo. Mama Cherehani alikuwa anashona nepi, amekata shuka mbili kuukuu za pamba laini, na alikuwa amebakiza pindo.

"Mama, daktari kasema ni wiki hii au mwanzo wa wiki ijayo."

"Nakuja, mwanangu."

"Unakuja na nini?"

Swali lilikuwa dogo, lakini wote wawili walijua lilikotoka.

"Njoo na basi, Mama," binti akasema, kwa sauti ya chini, kama anayeomba asisikiwe na baba yake aliyekuwa mbali saa nane za safari. "Nakuomba."

Miaka miwili nyuma aliwapigia hivyo hivyo, akiwa na mimba ya kwanza. Wakaondoka na gari la kulala. Mvua ilikuwa imenyesha, gari likaingia kwenye dimbwi, maji yakarukia nyaya, injini ikazima, na walishinda kutwa nzima barabarani Turubai akipangusa kifuniko cha nyaya kwa shati lake. Walipofika, mjukuu wao wa kiume alikuwa amekwisha kuzikwa, na udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Binti yao alikuwa amejifungua bila wao na kufiwa bila wao. Hakuwalaumu, na mama yake angependa sana kama angelaumiwa.

Kwenye kaburi lile moja, wazazi waliondoka na mafunzo mawili. Mama Cherehani alijifunza kwamba wangepanda basi wangewahi. Turubai alijifunza kwamba injini ingekuwa imefunikwa wangewahi. Hawakuwahi kulizungumza hilo. Waliendelea kula sahani moja na kulala kitanda kimoja, kila mmoja na hesabu zake.

Jioni ile alimwekea mumewe chakula, akasubiri ale tonge kama tatu.

"Mzee, mimi nitatangulia na basi."

Turubai akaacha kutafuna. "Nani?"

"Mimi."

"Mimi nina gari lenye kitanda na sinki, halafu mke wangu apande basi. Watu watasema nini?"

"Watasema nimefika."

Akanawa mikono kabla hajashiba. Alikuwa mtu wa kununa kwa utaratibu: kwanza alinyamaza, kisha alikunja kitambaa cha meza, kisha ndipo aliposema lililomkaa. Safari hii kitambaa alikikunja mara mbili.

"Unadhani mimi simkumbuki yule mtoto?" akasema. "Kila nikiingia chini ya lile gari namkumbuka. Tone la maji tu, mama watoto. Tone la maji kwenye waya. Nimejiapiza haliingii tena. Nipe siku tatu. Tutafika wote, na mtoto atarudi kwao kutoka hospitali akiwa amelala kwenye kitanda, siyo kwenye pikipiki."

Mkewe alikuwa amejiandaa kwa kila neno isipokuwa hayo. Alimhurumia, na huruma ikamponza. Akasema, "Siku tatu. Ya nne niko kituo cha basi."

*

Kesho yake, mama alipokuwa bado na tepu mkononi, alikuja fundi wa magari. Mtaani waliita gereji yake kwa jina la heshima, lakini yeye mwenyewe walimwita Ndiyo-Mzee, maana hakuna mteja aliyewahi kumsikia akikataa kitu. Alikuja na spana moja na kiu ya chai.

"Hapa chini," Turubai akaeleza, "mke wangu atashona turubai nzito, ndani lina mpira wa tyubu. Linafunika tumbo lote, linafungwa kwa kamba pande nne. Maji hayaingii."

"Ndiyo mzee, hayaingii."

"Au niache wazi, nikaze tu hizi nyaya?"

"Ndiyo mzee, nayo ni njia."

Turubai akazunguka ubavuni, penye vile vipenyo virefu vya kuvuta upepo. "Na hapa. Si ndipo vumbi linapoingilia?"

"Linapita humo humo."

"Tukipaziba kwa sponji?"

Fundi akavitazama vipenyo, akatazama mbingu, akagusa mfuko wa shati alimotia malipo ya awali. Ilionekana kuna jambo lilimpitia kichwani, lakini halikupata kiti. "Ndiyo mzee," akasema. "Mwenye gari ni wewe."

Mama Cherehani aliletewa turubai kama mzigo wa dharura. Nepi zilizobaki akazikunja chini ya meza, akabadilisha sindano ya mashine, akaweka ile ya kushonea ngozi. Alishona kwa hasira. Bahati mbaya hakuwa na namna ya kushona vibaya, hata alipokasirika: mkono ulikwisha kuzoea. Kila mshono aliupitia mara mbili, pembe akazitia viraka, matundu ya kamba akayazungushia uzi wa nailoni. Alternata ilipata koti lake peke yake, lenye kola. Nyaya za plagi zilipata soksi. Alipomaliza alilivuta turubai lile kwa nguvu zake zote, halikuachia hata uzi mmoja, na kwa dakika nzima alisahau kukasirika.

Turubai alipolifunga chini ya gari alilipapasa kama anayepapasa shavu. "Hii," akasema, "hata upepo haupiti."

"Asante," mkewe akajibu, maana kwa fundi cherehani hiyo ilikuwa sifa.

*

Waliondoka siku ya nne alfajiri, chini ya manyunyu. Muuza mkaa wa jirani alitoka kuwaaga, akainama kuangalia nyuma ya gari, akainuka akitikisa kichwa. "Limevaa kunizidi mimi," akasema.

Turubai aliendesha kwa adabu. Alipita mbali na kila kidimbwi, akapunguza mwendo kwenye kila kokoto, na trekta lililokuwa limebeba nyasi likawapita huku dereva wake akiwapungia mkono. Mama Cherehani alikuwa amepakata mfuko wa nepi. Mbele yake dashibodi ilikuwa imefunikwa kitambaa cha maua alichokishona mwenyewe mwaka juzi, ili jua lisipasue plastiki. Alikikatia dirisha la kuonyesha mwendo na jingine la mafuta. Mengine mumewe aliona si ya lazima.

Saa ya kwanza ikaenda vizuri, na ya pili. Turubai akaanza kupiga mluzi. "Unaona?" akasema. "Matope yote haya, na haijakohoa hata kidogo."

Mlima ulipoanza, mama akasikia harufu. Aliijua. Ni ile harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo ya mteja.

"Kuna kitu kinaungua."

"Ni lori lile la mbele."

"Mbele hakuna lori, mzee."

Turubai akakanyaga mafuta zaidi. Gari likajibu kwa kusinzia. Mama akanyoosha mkono, akakifunua kile kitambaa cha maua, na taa nyekundu ikamtazama machoni. Ilikuwa inawaka, na hakuna aliyejua tangu lini. Alitaka kusema kitu, akaona aibu kukisema, kwa kuwa kitambaa kilikuwa chake.

Wakasimama ubavuni mwa barabara, nyuma moshi ukitoka taratibu kama wa jiko la kuni mbichi. Turubai akaruka nje, akapiga magoti kwenye tope, akaanza kufungua. Kamba mbili zilikuwa zimeyeyuka na kushikana na bomba. Akavuta turubai kwa mikono miwili, akavuta akiegemeza mguu kwenye bampa, na mishono ya mkewe ikakaa pale pale kama iliyoajiriwa.

"Umeshona nini hiki?" akauliza.

"Ulichonipimia."

Sponji za pembeni zilipotolewa zilikuwa zimekauka na kuwa ngumu kama mkate wa juzi. Joto lililotoka nyuma yake liliwarudisha wote wawili hatua moja. Turubai akasimama akiangalia vile vipenyo vitupu, halafu akaangalia sponji mkononi. Mkewe aliona uso wake ukielewa. Lilikuwa jambo la kusikitisha kulitazama, mtu mzima wa umri ule.

"Ilikuwa inakosa hewa," akasema.

Hapo simu ikalia. Alikuwa mkwe wao, kijana mkimya wa kuoka mikate ambaye kwa kawaida hakumalizia sentensi zake. Siku hiyo alizimalizia. "Mama, uchungu umeanza tangu usiku. Wamemwingiza ndani. Anakuuliza wewe tu. Mmefika wapi?"

Mama Cherehani akatazama mlima ulioko mbele, kisha gari. "Tuko njiani," akasema, na alijichukia kwa jibu hilo, kwa sababu mara ile ya kwanza alijibu hivyo hivyo, neno kwa neno.

"Itapoa," Turubai akasema. "Saa moja, mbili hivi. Nikikata hizi kamba..."

"Siwezi kungoja ipoe."

"Nusu saa basi."

"Mzee, mara ile uliniambia nusu saa."

Akasema bila kupaza sauti. Turubai akapangusa mikono kwenye suruali yake ya safari ambayo mpaka siku ile haikuwa na doa.

*

Lori lililosimama lilikuwa limepakia magodoro mapya, yote ndani ya nailoni, yamepangwa hadi juu ya kibanda cha dereva. Mbele walikwishajaa. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Kule juu pana nafasi ya wawili, kama hamwogopi mvua. Mzee naye atapanda?"

Mama akamgeukia mumewe. Alimwangalia kwa muda, na tusifiche, alitaka sana apande. Alitaka kumwona akiliacha lile gari barabarani, milango wazi, ufunguo ukining'inia, akimfuata. Alimpa nafasi hiyo yote kwa macho, maana mambo mengine mwanamke hayaombi kwa mdomo.

Turubai akatazama lori. Akatazama gari. "Na nani atabaki nalo?" akauliza. "Watachomoa kila kitu. Kabureta tu peke yake..."

"Haya," mkewe akasema. "Kaa na kabureta."

Kupanda kwenyewe kulikuwa fedheha kamili. Utingo alimvuta mkono kwa juu, abiria mmoja akamsukuma kwa chini mahali ambapo hakuna mtu baki aliyewahi kumgusa, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope na ikabidi Turubai akiokote na kumrushia. Alikidaka. Hawakuagana. Juu kule alijilaza kifudifudi, akayashika magodoro yaliyokuwa yanateleza kwa nailoni zake, mvua ikimpiga mgongoni, mfuko wa nepi ukiwa chini ya kifua ili usilowe. Alifikiri: maisha yangu yote nimekalia nailoni, na hata siku ya kuikimbia nimeikimbia juu ya nailoni. Akacheka peke yake, kisha akalia, na kwa vile mvua ilikuwa inanyesha hapakuwa na haja ya kujifuta.

Alishushwa mbele ya zahanati saa kumi za jioni. Mlinzi alimsimamisha, maana alikuwa na tope hadi magotini na alionekana kama mtu aliyetoka kuchimba kisima. Muuguzi alimpokonya mfuko, akamwonyesha bomba, akamtaka anawe hadi viwikoni, na alipomaliza akamwambia, "Haraka, mama, binti yako anatugombeza sote kwa ajili yako."

Aliwahi. Aliingia, akashika mkono wa binti yake, na binti alipomwona akamwuliza kwa meno yaliyobana, "Umekuja na basi?"

"Nimekuja na magodoro."

Mtoto alizaliwa baada ya magharibi, wa kike, mwenye sauti. Mama Cherehani aliisikia ile sauti, akakaa sakafuni, na muuguzi akamruka mara mbili kabla ya kumwambia kwamba viti vipo. Alikuwa na furaha. Miaka miwili alikuwa amelibeba lile kaburi, na hata sasa hakulitua, ila lilipata mwenzake wa kulipunguzia uzito.

Alimpigia mumewe simu. Ilikuwa imezimwa. Chaji, akafikiri. Au ameifunga kwenye nailoni, hasikii.

*

Turubai aliingia kwenye uwanja wa nyumba ya binti yake siku ya pili mchana, akiwa anaendesha. Mkewe alitoka mlangoni na mjukuu kifuani. Gari lilikuwa na tope hadi kwenye vioo. Nyuma, mlango wa injini ulifungwa kwa waya, na chini hakukuwa na chochote: hakuna turubai, hakuna koti la alternata, hakuna soksi. Kila kitu kilikuwa kimepakwa tope la njia nzima.

Akashuka. Hakuwa amenyoa, na kidole gumba kilikuwa na lengelenge kubwa. Wote walisubiri aseme kitu kuhusu mtoto.

"Haikukohoa," akasema.

"Nini?"

"Injini. Ilipoa usiku, nikaikatia kila kitu kwa kile kisu cha jikoni, kile kilichokuwa bado kwenye karatasi yake. Asubuhi nikawasha. Nimepita madimbwi, mama watoto. Lile dimbwi la mara ile nimelipita, maji mpaka kwenye bampa. Haikukohoa hata mara moja." Alisema kama mtu anayesimulia jinsi ndugu alivyomdhulumu. "Zile nyaya mpya nilizoweka baada ya safari ile. Zilikuwa zinatosha. Zilikuwa zinatosha siku zote."

Binti akaja kusimama mlangoni, ameshika fremu. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu." Hakuthubutu kusogea. "Nimechelewa tena."

"Ndiyo," binti akasema. Kisha, kwa vile alikuwa amechoka na hakuwa na nguvu za kuendeleza, "Ingia, kuna chai."

Nyumba ilikuwa chumba kimoja na nusu. Kwenye chumba alilala binti na mtoto, mama mtu akalala mkekani karibu nao, mkwe akajikunja kwenye ile nusu pamoja na baiskeli. Jioni Turubai alikaa kwenye kigoda akimngojea mtu amwambie atalala wapi. Hakuna aliyemwambia. Mwishowe akauliza wanarudi lini.

"Mimi nimekuja kukaa mpaka mtoto apate nguvu," mkewe akajibu akikunja nguo. "Miezi mitatu. Wewe rudi ukitaka."

"Na nikibaki?"

"Si una gari la kulala?"

Alikwenda. Kitanda kile kilikuwa hakijawahi kulaliwa na mtu tangu walinunue. Mkewe alimsikia akihangaika nacho humo ndani kwa muda mrefu, akitafuta namna ya kukikunjua.

Mvua haikukatika. Ilinyesha siku hiyo, ikanyesha na iliyofuata, na nyingine. Nepi zilianikwa kwenye kamba ndani ya chumba, juu ya baiskeli, kwenye mgongo wa kiti, na zote zilitoa harufu ya unyevu na hazikukauka. Siku ya nne binti akasema zimebaki mbili. Mkaa ulikuwa umelowa. Mama Cherehani akazitazama nepi zile alizozipinda kwa mkono wake, akatazama nje kwenye uwanja, halafu akabeba beseni zima kichwani, akatoka kwenye mvua.

Turubai alikuwa amekaa kwenye mlango wa gari lake, miguu nje, hana la kufanya. Tangu afike hakuna aliyemtuma hata chumvi. Alimwona mkewe akipita bila kumwangalia, akizunguka nyuma, akifungua ule waya, akiinua mlango wa injini juu kabisa na kuuegemeza kwa fimbo. Akafunga kamba upande huu hadi upande ule, chini ya mlango, mahali mvua isipofika. Akaanza kuanika.

"Washa gari," akasema.

"Kwenda wapi?"

"Hatuendi popote. Injini ikipata moto, hizi zitakauka."

Turubai akaja nyuma, akasimama kwenye mvua. Akaona nepi kumi na kitu zikining'inia juu ya alternata yake. "Mama watoto," akasema polepole, "hiyo si kazi yake."

"Kazi yake ni ipi?"

Akafikiri. Alifikiri kwa uaminifu, maji yakimtiririka usoni, akipitia miaka yote ya grisi na mipira na vipimo, na mkewe akamwacha afikiri. Kisha akaenda mbele, akawasha. Injini ikashika mara moja, bila kinyongo. Baada ya muda mfupi joto likaanza kupanda, nepi zikaanza kutoa mvuke.

Alirudi, akazitazama. Akasogeza moja iliyokuwa karibu mno na bomba la moshi, akazungusha nyingine iliyopinda, akapima joto kwa kiganja. Mkewe alikuwa ameshika beseni tupu.

"Sijakusamehe," akamwambia. "Hata kidogo. Wala yule wa kwanza, wala kule mlimani."

"Najua."

"Nakwambia ili usije ukadhani."

"Sidhani."

Gari likanguruma. Ndani mtoto akaanza kulia, na mama mtu akakusanya nepi tatu za kwanza, zilizokauka na zenye joto, akazitia chini ya kanga zisilowe. Alikuwa amekwisha kugeuka aliposema, "Kesho zitakuwepo nyingine."

"Saa ngapi?" Turubai akauliza.